Nani Amekusikia Ukisaga Meno?

Kwenye kadi za kliniki ile ya meno kulikuwa na swali moja ambalo Fundi alilichukia kuliko watoto wanavyochukia sindano. Lilikuwa swali dogo tu, limechapwa chini kabisa kwa ajili ya wagonjwa wanaosaga meno usingizini: Nani amekusikia? Sababu yake ni kwamba msaga meno hajisikii mwenyewe. Anaweza kusaga mpaka jirani akadhani kuna panya darini, yeye kalala fofofo, na asubuhi akaamka na taya zito asijue limepatwa na nini. Lazima awepo mtu wa kumwambia. Basi Daktari huuliza, mgonjwa hujibu, na kadi hupelekwa karakanani kwa Fundi ikiwa imeandikwa "mke", au "mume", na mara mojamoja "mama mzazi".

Fundi alikuwa mtengenezaji wa meno ya bandia. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kliniki, na ndani yake kulikuwa na dirisha moja, meza ndefu yenye madoa ya plasta, na rafu tatu zilizojaa vinywa vya plasta vya watu ambao wengi wao hajawahi kuwaona sura. Huko alimimina, alichonga, alipanga meno kwenye nta moja baada ya jingine, na wale wasaga meno aliwatengenezea kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa wakilala. Dada wa mapokezi, ambaye mdomo wake haukujua likizo, aliziita kinga za ndoa.

"Fundi, umeokoa nyumba nyingine," humwambia akimletea kadi. "Yako utaiokoa lini? Au unasubiri kwanza uwe nayo?"

Fundi hucheka. Alikuwa na kicheko maalumu cha kazini, amekitumia miaka minane bila kukibadilisha.

Ukweli ni kwamba nyumba alikuwa nayo, na mtu wa kumsikia alikuwa naye. Kwa miaka sita alikuwa akiishi na mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamume mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusahihisha madaftari akiwa amejilaza sakafuni kwa sababu kila meza kwake ilikuwa fupi. Watu wote waliambiwa kuwa Mwalimu ni mpangaji mwenzake. Lakini walikuwa wakipendana, tena sana, na jambo hilo lingejulikana wangepoteza kazi, nyumba na ndugu, sijui kipi kingetangulia.

Mwalimu ndiye aliyemwambia, katika mwaka wao wa tatu, "Unasaga meno. Ukiwa na mawazo unasaga kama mtu anayetafuna kokoto." Na ni yeye aliyeivumbua dawa. Akiingiza kiganja chake chini ya taya la Fundi, kelele hukatika palepale. Lakini mtu hawezi kulala na mkono wake chini ya kichwa cha mwenzake kila siku, mkono wenyewe unakufa ganzi. Kwa hiyo jioni moja, kliniki ilipofungwa, Fundi alichukua alama ya meno yake mwenyewe mbele ya kioo, akaimimina plasta, akajitengenezea kinga. Chini ya kile kinywa cha plasta, mahali pa kuandika jina la mgonjwa na tarehe, aliandika tarehe tu. Kadi hakujaza. Angeijaza nini?

Hofu ya Fundi haikuwa ile inayokuja na kuondoka. Ilikuwa imehamia kwake na mizigo yake yote. Alikuwa na njia mbili za kurudi nyumbani na alizibadilisha kila siku bila kujua anamkwepa nani. Ujumbe wa simu aliusoma mara tatu kabla ya kuutuma, asije akaacha neno tamu ndani yake. Moyo ulimwenda mbio dukani, mtu akimtazama sekunde moja ya ziada. Kichwa kilimuuma tangu Jumatatu hadi Jumatatu. Mwaka juzi ilikuwepo wiki nzima aliyotamani asiamke, na alimweleza Mwalimu hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Mwalimu alichukua likizo ya ugonjwa siku tano akakaa naye. Shuleni alisema ni malaria.

Sasa Mama alikuwa anakuja.

Alikuwa amebakiwa na meno matano, na akaona ni aibu mama wa fundi meno kula uji kama mtoto mchanga. Alipiga simu akasema atafika Jumapili, atakaa wiki moja, na ataondoka Jumamosi na meno yake mdomoni. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetimiza alichotumwa, kwamba mjomba wake Fundi amempata binti mmoja, muuguzi, mwenye heshima zake, na anataka jibu wiki hiyohiyo.

Jumamosi kabla hajafika, Fundi alianza kazi waliyoiita kupanga nyumba. Aliondoa mswaki wa pili bafuni. Alitoa viatu vikubwa chini ya kitanda akavihamishia chumba cha mpangaji, kile cha mwisho, ng'ambo ya jiko na bafu. Alitandika kitanda cha huko, halafu akakikalia na kukivuruga kidogo ili kionekane kinalaliwa. Ndugu wakija, kwa kawaida Mwalimu naye husaidia. Safari hii alikaa tu kwenye kiti, begi lake likiwa miguuni, anamtazama.

"Mara ya kwanza mama yako alipokuja, miaka miwili iliyopita, niliitwa mpangaji nikasalimia nikaingia chumbani," alisema. "Mara ya pili nikahamishwa kabisa. Hii ni ya tatu. Nahamishwa kama kochi."

"Ni wiki moja tu."

"Ulisema hivyo hata ile ya pili."

"Unataka nimuue mama yangu?"

"Sijasema umwambie kitu. Nataka kula mezani kwangu yeye akiwepo, basi. Nimpe shikamoo, nimwekee maji, nikae." Mwalimu hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hata sasa hakuipandisha. "Nisikilize. Naenda kwa mwenzangu wa shule, nitalala kwenye kochi lake. Lakini Jumamosi mama yako akishaondoka, usinipigie kuniambia njia nyeupe. Kama utanipigia, nipigie yeye akiwa yumo ndani. La sivyo, usinipigie tena. Mimi nina miaka thelathini na nane. Nimechoka kujificha mpaka nyumbani kwangu."

Alibeba begi akatoka. Fundi alibaki na shuka mkononi, magego yamebanana mpaka masikio yakavuma.

Mama alifika Jumapili na mfuko mkubwa, kikapu, na maneno. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini kwenye mashine ya kusaga nafaka, amesimama sikio la kushoto likielekea mashine, na sikio hilo lilishakufa zamani. Aliyetaka kuzungumza naye alikaa kulia kwake. Fundi alilijua hilo tangu utotoni na alilitumia atakavyo. Akivunja kikombe, alikwenda kushoto kwa Mama akakiri kosa kwa sauti ya chini, akajihesabu kuwa ameshasema. Akiwa na miaka kumi na mitano alisimama upande huohuo, Mama akichambua mchele, akasema taratibu, "Mama, mimi wasichana siwapendi." Mama aliendelea kuchambua mchele. Fundi akaenda zake kuchota maji.

"Mpangaji wako yuko wapi?" Mama aliuliza akivua viatu. "Yule mrefu."

"Amesafiri."

"Kila nikija anasafiri. Mimi namfukuza?"

"Ni kazi, Mama."

Mama alipewa chumba cha mpangaji. Alikaa kitandani, akadunda mara moja, akanyamaza. Fundi aliuona ule unyamavu. Mama kunyamaza ilikuwa sawa na redio kunyamaza, mtu anajiuliza kimeharibika nini.

Jumatatu Daktari alichukua alama ya kinywa cha Mama. Jumatatu hiyo na Jumanne nzima Fundi alipanga meno ya mama yake kwenye nta, na meno mawili ya mbele aliyarudia mara sita. Nyumbani Mama alisema habari za yule binti muuguzi kidogo tu, akiangalia pembeni. Fundi alijibu "tutaona". Simu aliiweka mezani kifudifudi. Mara kumi kwa siku aliichukua kumpigia Mwalimu, na mara kumi aliirudisha, kwa sababu Mama alikuwa jikoni, au sebuleni, au barazani, na nyumba nzima ikawa imejaa Mama.

Jumatano asubuhi aliamka taya halifunguki. Lilikubali upana wa kidole kimoja, zaidi ya hapo likagoma. Juu ya mto kulikuwa na kinga yake, vipande viwili. Kwa miaka kumi na miwili ya ufundi, hii ilikuwa mara ya kwanza kuona kinga ya unene ule imevunjwa na mtu. Aliifunga kwenye karatasi akaitia mfukoni, akanywa chai kwa kuifyonza.

"Una nini?" Mama aliuliza.

"Jino."

"Wewe? Fundi meno?" Mama alimtazama muda mrefu juu ya kikombe cha uji.

Siku hiyo Mama alikuwa anajaribishwa meno ya nta. Hii ndiyo desturi ya kazi: kabla meno hayajawa magumu ya kudumu, yanapangwa kwanza kwenye nta, mgonjwa anayavaa dakika chache, daktari anatazama kama yamekaa sawa na uso. Daktari, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, alimketisha Mama kwenye kiti kikubwa akamwekea ya juu na ya chini.

"Sasa nisikilize vizuri, mama. Hii ni nta, ni laini. Usiume. Usiongee. Ukiuma tu, yanakwenda upande, na kazi ya siku mbili ya mwanao imekwisha. Legeza mdomo, tulia."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Macho yake yalionyesha adhabu anayoipata. Dada wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni na faili asilokuwa na haja nalo, amekuja kumwona mama yake Fundi kwa macho yake mwenyewe.

"Haya ya mbele unaonaje, tuyapandishe kidogo?" Daktari alimuuliza Fundi.

"Yanatosha," Fundi alijibu, meno yamefungana.

Daktari akageuka. "Rudia."

"Yanatosha."

"Fungua mdomo."

"Niko sawa, Daktari."

"Sijakuuliza kama uko sawa. Kaa hapo."

Alikaa kwenye kigoda, kwa kuwa kukataa kungezua maswali kuliko kukubali. Daktari alimmulika kwa tochi, akalivuta shavu kando kwa kidole. Kisha akamshika taya kwa pande zote mbili na kuzibonyeza nyama zake, na machozi yakamtoka Fundi bila ruhusa.

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Magego haya ni ya mtu wa sitini. Yamelika yakawa bapa. Una mawazo gani wewe? Haya hayakuanza jana. Ungekuwa unavaa kinga yasingefika hapa."

Fundi alikuwa na maumivu, alikuwa na usingizi wa siku nne machoni, na zaidi ya yote alikuwa fundi. Kazi yake ilikuwa imesingiziwa. Akajibu kama fundi anavyojibu.

"Nilikuwa navaa. Imevunjika leo."

"Kinga gani?"

Akaitoa mfukoni, akakunjua karatasi. Alipoviona vile vipande viwili viko kwenye kiganja chake mchana kweupe ndipo akili ilipomrudia.

"Umeitengeneza mwenyewe?" Daktari aliuliza, akivigeuzageuza. "Kazi nzuri. Lini?"

"Miaka mitatu."

"Miaka mitatu unajitibu na hukuniambia! Basi leo tunakufungulia kadi kama watu wengine." Akamwita dada wa mapokezi kwa kidole. "Andika."

Dada wa mapokezi hakuhitaji kuitwa mara mbili. Alichukua kadi, akaandika umri, akaandika kazi, na alipofika chini kabisa akainua uso akitabasamu.

"Nani amekusikia?"

Fundi aliitazama kadi.

"Jibu, Fundi. Msaga meno hajisikii, si wewe mwenyewe ulinifundisha? Kwa hiyo kuna mtu anayelala hapohapo." Alikuwa anacheka, anamtania kama siku zote. "Kumbe tuna shemeji anafichwa! Na wewe huna mke, huna mchumba, unaishi na yule mw—"

Kicheko kilikatika. Dada wa mapokezi alikuwa anapiga hesabu, na haikuwa hesabu ngumu. Kalamu ilibaki hewani. Daktari naye aliacha kuvigeuza vile vipande.

Fundi alitafuta neno. Neno lilikuwepo, la miaka sita, limeiva kwa kutumiwa: mpangaji. Mpangaji alinisikia. Lakini mpangaji gani anayesikia meno kupitia jiko na bafu? Na aliyekuwa akilala chumba hicho wiki hii alikuwa ameketi mita moja mbele yake. Akawaza waziwazi kwamba hivi ndivyo mambo yanavyokwisha: kesho karakana, keshokutwa shule ya Mwalimu, wiki ijayo mjomba.

"Mimi," sauti ilisema.

Wote waligeuka. Mama alikuwa amejiinua kwenye kiti, ameshika mikono ya kiti kwa nguvu.

"Mimi ndiye niliyemsikia. Nilikuja kumtembelea, miaka mitatu sasa. Ukuta wenyewe mwembamba, mtu akikohoa huku unampa pole ukiwa kule. Anasaga usiku kucha! Asubuhi nikamwambia, baba, unasaga meno, jitengenezee dawa, si ndiyo kazi yako? Andika hapo, binti. Mama mzazi. Au huwezi kuandika mpaka nikutajie herufi?"

Kwa kila neno nta ilibonyea, na alipomaliza meno ya juu yalikuwa yamegeuziana migongo kama watu waliogombana. Dada wa mapokezi aliandika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokonywa sahani.

"Mama!" Daktari alisema. "Nilikuambia usiongee!"

"Nimesahau, Daktari," Mama alijibu kwa upole mkubwa. "Uzee."

Alasiri yote Fundi alikaa karakanani na ile nta mbele yake. Alipaswa kuiyeyusha na kuanza upya, lakini kwa muda mrefu hakuigusa. Miaka mitatu iliyopita Mama alikuwa hajawahi kufika katika nyumba ile. Ukuta haukuwa mwembamba, na hata ungekuwa wa karatasi, Mama hulalia sikio zima, la kushoto likabaki juu. Hakuwa amesikia chochote, si juzi wala jana. Alikuwa amekaa pale na mdomo uliokatazwa, akaona kalamu imesimama hewani, akachagua. Fundi alitia kidole kwenye nta, mahali ambapo jino la mbele lilikuwa limezama hadi shingoni, akalia kimyakimya, kwa uchungu na kwa aibu, mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Mama alikuwa jikoni, amekaa mezani, beseni la viazi mbele yake, kisu mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Kaa," alisema.

Fundi akakaa, upande wa kulia.

"Baba yako alipokufa ulikuwa na miaka saba. Ulianza kusaga meno wiki hiyohiyo. Nilikuwa naweka kiganja changu hapa," akajigusa chini ya taya, "ndiyo ukatulia. Mwaka mzima nililala hivyo. Kwa hiyo naijua hiyo kelele, na najua inavyonyamazishwa. Yule binti wa kadi alipouliza nani amekusikia, mimi nikajiuliza swali jingine. Nani anamshika taya?"

Fundi aliliangalia beseni.

"Na lile godoro la mpangaji bado gumu kama siku lilipotoka dukani. Nimelilalia siku tatu, mgongo wangu ndio wa kwanza kulizoea."

"Mama..."

"Ngoja. Usiniambie kitu bado. Sitakudanganya kwamba nimefurahi. Nimelia hapa tangu saa nane, mpaka viazi vimeniona. Sijui nitamwambia nini mjomba wako, sijui nitamwambia nini Mungu. Nina maswali kichwani hata kuyapanga siwezi." Akaweka kisu chini. "Lakini leo pale kliniki nimeogopa, baba. Nimeona yule binti alivyoshika kalamu. Nikaona ulivyosawijika. Nikasema, kumbe mwanangu anaishi hivi? Mimi imenichukua dakika moja nikaona moyo unapasuka. Wewe ni kila siku?"

"Kila siku, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipojitambua."

Mama alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Jirani alikuwa anapigilia msumari, akasita, akapigilia tena.

"Yuko wapi?" Mama aliuliza.

"Kwa mwalimu mwenzake. Analala kwenye kochi."

"Mtu mrefu vile? Kwenye kochi?" Akachukua kisu, akachukua kiazi. "Na unasaga meno mpaka unavunja plastiki. Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Unasubiri Jumamosi niondoke?"

Fundi alitoa simu. Mama alimtazama kidogo, kisha akafanya jambo moja dogo ambalo mgeni asingelitambua: alikigeuza kiti chake, akakaa mshazari, sikio la kushoto likamwelekea mwanawe. Akaendelea kumenya viazi. Alikuwa anampa nafasi ya kusema atakalo, kama zamani.

Simu iliita mara nne.

"Ameshaondoka?" Mwalimu aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtu aliyejiandaa kuumizwa.

"Hapana. Yupo."

"Unapigia wapi, chooni?"

"Jikoni."

Mwalimu akauliza, polepole, "Nani anasikia?"

Fundi aliliangalia lile sikio la kushoto, na hereni yake ndogo aliyoijua tangu hajajua kutembea. Lilikuwa limemwekea siri zake zote na halikuwahi kumjibu hata moja. Taya lilikuwa linamuuma. Alikuwa tena yule mtoto wa miaka kumi na mitano anayekwenda kuchota maji. Akainuka, akaizunguka meza kwa kuishika ukingo, akasimama upande wa kulia wa mama yake, karibu kabisa.

"Mama anasikia," alisema. "Rudi nyumbani, mpenzi wangu."

Kisu kilisimama juu ya kiazi. Mama alibaki ameinamisha kichwa muda ambao Fundi, hata miaka mingi baadaye, hakuweza kusema ulikuwa mrefu kiasi gani. Halafu ganda la kiazi likaanza tena kushuka ndani ya beseni.

"Mwambie apitie mkate," alisema, bila kuinua macho. "Ila uwe laini. Meno yangu yameharibika leo kwa ajili yake."